Mwenda Tezi na Omo: Msanii, Safari na Lugha ya Nyumbani

Wahenga wa pwani walinena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii hufundishwa sana madarasani, na aghalabu hufasiriwa kwa wepesi: hata mtu azuru wapi, mwisho wake atarejea kwao. Hata hivyo, baharia aliyeinena mara ya kwanza alijua zaidi ya hayo. Tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele yake, mahali penye upepo na mandhari. Ngama ni tumbo la chombo, ambako maji yanayovuja hukusanyika. Anayerejea ngamani harejei kupumzika. Hurejea kuyatoa maji ili chombo kisizame.

Kwa msanii, maana hii ya pili ndiyo yenye uzito. Swali linaloulizwa kila mara ni iwapo safari humjenga msanii, na jibu lake ni rahisi, kwani mifano ya waliojengwa na safari ni mingi kupita kiasi. Swali gumu ni lile linalofuata: akisha kujengwa, anarejea na nini, na anakisema kwa lugha ya nani?

Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ni mahali pazuri pa kuulizia swali hilo, kwa sababu ramani yake yenyewe ni kumbukumbu ya safari. Kariokor ni jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ulimi wa wenyeji ulilisaga jina hilo la kigeni hadi likawa lao, kama ulivyolisaga kule Dar es Salaam likawa Kariakoo. Soko la Burma, linalojulikana kwa nyama, linahifadhi jina la nchi ya mbali ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana katika Vita vya Pili. Jericho na Jerusalem ni miji ya Biblia iliyohamia kandokando ya Barabara ya Jogoo. Mtoto wa Eastlands hutamka majina ya dunia nzima kabla hajavuka Mto Nairobi.

Wasanii nao walisafiri na majina hayo. Fundi Konde, mwanamuziki aliyezaliwa pwani ya Kenya mwaka 1924, alikuwa miongoni mwa waliotumbuiza askari wa King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili, na safari hiyo ikamfikisha Burma. Aliporejea, alikuwa mmoja wa waliotangulia kulitumia gitaa la umeme nchini. Midundo aliyoipenda ilikuwa imevuka bahari, lakini maneno aliyoyaimba yalikuwa ya Kiswahili, Kiswahili ambacho mama mwuza mboga angekielewa bila kuuliza. Yamkini hiyo ndiyo sababu nyimbo zake zilidumu.

Mchoraji mmoja wa mtaa wa Jericho alifikwa na swali la safari mwaka 2023. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amejikimu kwa kupaka rangi matatu za Barabara ya Jogoo, kuandika mabango ya vinyozi na maduka ya dawa, na kuchora sura za marehemu kwa ajili ya familia zilizofiwa. Karakana yake ilikuwa banda la mabati lililopakana na mafundi wa magari. Usiku alichora picha zake mwenyewe kwenye mbao za plaiwudi, na picha hizo aliziegemeza ukutani zikiwa zimegeuzwa nyuma, mtu asizione.

Hamu ya safari haikumjia ghafla. Mwaka uliotangulia, wenzake wa Mukuru walikuwa wamefika mbali. Kikundi cha Wajukuu Art Project kilianzishwa Lunga Lunga mwaka 2004 na vijana waliokulia mtaani humo, miongoni mwao Shabu Mwangi. Walichora, walichonga, na waliwafundisha watoto wa jirani. Mwaka 2022 walialikwa Kassel, nchini Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta, ambayo hufanyika kila baada ya miaka mitano na ni kati ya maonyesho makubwa zaidi ya sanaa ya kisasa duniani. Wajukuu hawakuenda huko kujifanya Wajerumani. Mlango wa jumba la Documenta Halle waliufunika kwa mabati, wakajenga ujia wa giza ambao kila mgeni alilazimika kuupita ili aingie ndani. Ujia huo ulikumbusha vichochoro vya Mukuru na nyumba za Wamaasai kwa wakati mmoja. Mzungu aliyezoea kuta nyeupe za majumba ya sanaa aliinamisha kichwa, akaipita Lunga Lunga. Mwaka huohuo Wajukuu walitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode, inayobeba jina la mwasisi wa maonyesho hayo.

Jambo moja katika maonyesho ya Kassel linafaa kuwakera na kuwafunza wanafunzi wa Kiswahili. Waandalizi wake mwaka huo walikuwa ruangrupa, kikundi cha wasanii kutoka Jakarta. Walipotafuta dhana ya kuyaongoza maonyesho yote, hawakuazima neno la Kilatini wala la Kiingereza. Walichukua neno la kwao, lumbung, yaani ghala la mpunga ambamo wanakijiji huweka pamoja ziada ya mavuno yao. Kwa siku mia moja, wakosoaji wa Ulaya walilitamka na kuliandika neno hilo la Kiindonesia bila kuomba radhi. Jina Wajukuu nalo lilitamkwa vivyo hivyo. Ila maelezo mengine yote kuhusu wasanii wa Nairobi yaliandikwa na kusomwa, kama ilivyo ada, kwa lugha za wengine.

Mchoraji wa Jericho alipopata habari kwamba taasisi moja ya Ujerumani inawakaribisha wachoraji kwa muda wa miezi mitatu, aliijaza fomu hadi alipofika penye swali la mwisho. Alitakiwa aieleze kazi yake kwa maneno mia tano ya Kiingereza. Alikaa na fomu hiyo siku nne. Siku ya tano alimwita dadake mdogo, aliyekuwa mwaka wa tatu chuo kikuu akisomea Kiswahili.

"Mwalimu," alimwambia, kwani hilo ndilo jina alilompa tangu alipojiunga na chuo, "nisaidie kuyasema haya mambo yangu vizuri."

"Wewe sema kwanza, kaka. Mimi nitaandika."

Aliigeuza mbao moja. Ilikuwa picha ya Barabara ya Jogoo alfajiri, matatu zimepangana, na watu wamesimama wakingoja. "Hapa barabara nimeiingiza," alisema. "Ukisimama hapa, inakupeleka mpaka Makadara."

"Kuingiza ndiyo nini?"

"Kuingiza ni kuingiza, Mwalimu. Mbao haina shimo, lakini jicho linaona shimo. Vitu vya mbele unavikaza, vya nyuma unavilegeza. Ukikosea kulegeza, barabara inasimama kama ukuta."

Dada alitafuta kichwani mwake istilahi ya Kiswahili ya jambo hilo, asiipate. Katika miaka mitatu ya masomo alikuwa amejifunza istilahi za fonolojia, za sintaksia na za uhakiki wa riwaya, lakini hakuna aliyemfundisha namna ya kuzungumza juu ya picha. Akaandika neno la Kiingereza, na baada yake mengine, hadi maneno mia tano yakatimia. Kisha akamsomea kaka yake. Mchoraji alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha.

"Ni nzuri sana," alisema. "Lakini si mimi niliyesema."

Sentensi hiyo ilimchoma dada kuliko lawama yoyote. Siku zilizofuata alikwenda maktaba ya chuo, akavipekua vitabu vya historia ya sanaa, rafu ambayo hajawahi kuisogelea. Alichokuwa akitafuta ni msamiati. Badala yake alikutana na msafiri.

Albrecht Dürer alizaliwa mjini Nürnberg, Ujerumani, tarehe 21 Mei 1471, katika enzi ya Renaisansi, yaani ule mwamko wa sanaa na elimu uliochipuka Italia na kuenea Ulaya. Hata kabla hajazaliwa, safari ilikuwa imekwisha kuandikwa katika jina lake. Babake alikuwa mfua dhahabu aliyehama kutoka Ajtós, kijiji cha Hungaria. Neno ajtó kwa Kihungaria ni mlango. Wajerumani wakalitafsiri jina la mgeni huyo kwa neno lao la mlango, nalo likaishia kuwa Dürer. Mchoraji alipokua, aliuweka mlango ulio wazi katika nembo ya ukoo wao.

Desturi ya mafundi wa Ujerumani wakati huo ilimtaka kijana aliyemaliza uanagenzi asikae nyumbani. Alipaswa kutembea mji kwa mji, akifanya kazi katika karakana za watu, ili ajue kwamba mwalimu wake hakuwa na maarifa yote ya ulimwengu. Dürer aliondoka mwaka 1490. Alitamani kumwona Martin Schongauer wa Colmar, bingwa wa kuchora kwa kuchonga shaba, lakini alipofika huko mwaka 1492 aliambiwa kwamba bingwa huyo alikuwa amekwisha kufariki. Ndugu za marehemu walimpokea. Kutoka hapo alipitia Basel na Strasbourg, akarudi kwao mwaka 1494, akamwoa Agnes Frey. Miezi michache baadaye, tauni ikiwa imeingia Nürnberg, alivuka milima ya Alps kuelekea Italia. Njiani aliichora milima, ngome na mito kwa rangi za maji. Wachoraji wa kaskazini walizoea kuweka milima nyuma ya watakatifu, kama pazia. Katika picha hizi ndogo za Dürer, mtakatifu hayumo. Mlima unatosha.

Safari yake ya pili ya Italia, kati ya mwaka 1505 na 1507, ilikuwa tofauti. Hakuwa tena mwanagenzi. Chapa zake za ubao na za shaba zilikuwa zimemtangulia hadi Venice, na wengine walikuwa wakiziiga bila haya. Hata hivyo wachoraji wa mji huo walimdharau: walisema anajua kuchonga lakini rangi haziwezi. Jibu lake lilikuwa picha kubwa ya Bikira Maria na Rozari, aliyoichora mwaka 1506 kwa ajili ya kanisa la wafanyabiashara wa Kijerumani mjini humo. Mzee Giovanni Bellini, mkuu wa wachoraji wa Venice, alimsifu mbele ya watu. Katika barua alizomwandikia rafikiye Willibald Pirckheimer, Dürer alilia mapema baridi inayomsubiri kwao, akakiri kwamba Venice anaheshimiwa kama muungwana ilhali Nürnberg anahesabiwa kupe.

Barua hiyo ina zaidi ya miaka mia tano, lakini kijana yeyote wa Eastlands aliyewahi kupigiwa makofi ugenini na kuombwa leseni ya kibanda nyumbani angeiandika leo bila kubadili chochote ila majina.

Ingawa hivyo, si haki kuisifu safari bila kutaja kazi ambayo Dürer aliifanya bila kusafiri. Mwaka 1515 kifaru kutoka India alifikishwa Lisbon kwa jahazi, zawadi kwa Mfalme Manuel wa Ureno. Dürer hakumwona. Alipata barua na mchoro wa haraka wa mtu mwingine, akachonga chapa. Kifaru wake amevaa magamba kama deraya ya chuma, na ana pembe ndogo ya ziada mgongoni. Chapa hiyo yenye makosa ilinakiliwa na kuaminiwa Ulaya kwa zaidi ya karne mbili. Nairobi ni mji ambao vifaru huishi katika mbuga iliyo ndani ya mipaka yake, na bado si vigumu kumpata mchoraji anayeishi kwa kuwauzia watalii picha za wanyama ambao amewaona kwenye kalenda tu. Umaarufu wa picha na ukweli wake ni mambo mawili. Safari inahitajika hata kwa aliye karibu.

Safari yake ndefu ya mwisho aliifanya mwaka 1520 na 1521, akiwa na mkewe Agnes, kwenda nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi. Sababu yake haikuwa ya kishairi. Maliki Maximilian, aliyekuwa akimlipa kiinua mgongo cha kila mwaka, alikuwa amefariki mwaka 1519, na Dürer alitaka mrithi wake Charles aithibitishe malipo hayo. Lakini jicho halina likizo. Mjini Brussels aliviona vitu vya dhahabu, silaha na mavazi vilivyoletwa kutoka Meksiko, kazi za mikono ya Waazteki. Mwana huyo wa mfua dhahabu aliandika katika shajara yake kwamba maishani mwake hajaona kitu kilichoufurahisha moyo wake namna ile, na kwamba alishindwa kuyasema yote aliyoyawaza. Katika Antwerp alimchora Katharina, mwanamke Mwafrika wa miaka ishirini aliyetumika katika nyumba ya wakala wa Ureno. Amevaa kilemba, macho ameyashusha, na uso wake una uzito wa mtu aliyefikishwa mbali na kwao bila kuulizwa. Alikwenda pia hadi Zeeland kumtazama nyangumi aliyekwama ufukweni. Alipofika, mawimbi yalikuwa yamekwisha kumchukua, na inadhaniwa kwamba homa iliyomsumbua hadi kifo chake aliipata huko.

Dada alipofika hapo alikifunga kitabu, akakifungua tena. Mtu aliyeichora dunia kwa ustadi ule alikosa maneno mbele ya dhahabu ya Waazteki, kama yeye alivyoyakosa mbele ya mbao ya plaiwudi katika banda la Jericho.

Mambo mawili aliyoyasoma baadaye ndiyo aliyomwendea nayo kaka yake. La kwanza lilikuwa uamuzi wa kurejea. Venice ilikuwa imemwahidi Dürer dukati 200 kwa mwaka ili abaki. Antwerp nayo ilimwahidi malipo ya kila mwaka na nyumba. Zote alizikataa. Mwaka 1524 alipoliandikia baraza la mji wake kuhusu akiba yake, aliwakumbusha ahadi hizo, kisha akasema bila kuficha kwamba katika miaka thelathini aliyokaa nyumbani, kazi alizopewa na watu wa Nürnberg hazikufika thamani ya gulden 500. Riziki yake ilitoka kwa watu wa nje. Alirejea akijua hayo, na alikaa akijua hayo. Kurejea kwake hakukuwa kwa mtu aliyedanganywa na methali.

La pili lilikuwa lugha. Mwaka 1525 Dürer alichapisha kitabu cha kufundisha upimaji kwa bikari na rula, jiometri ya Wagiriki na maarifa ya Italia aliyoyakusanya safarini. Wasomi wa wakati huo waliandika mambo kama hayo kwa Kilatini. Yeye alikiandika kwa Kijerumani, kwa sababu aliwakusudia wachoraji, wafua dhahabu, waashi na maseremala. Tatizo lilikuwa lilelile: Kijerumani hakikuwa na istilahi za jiometri hiyo. Akazitafuta karakanani na katika vitu ambavyo fundi huvishika. Mstari unaojizungusha ukikua aliuita mstari wa konokono. Duara lililovutwa aliliita mstari wa yai. Mikunjo mingine aliipa majina ya uma na ya moto unaounguza. Baadhi ya majina hayo yalibeba makosa, kwani Dürer aliamini kweli kwamba duara lililovutwa lina ncha moja pana kuliko nyingine, kama yai. Makosa yalisahihishwa na waliomfuata. Lakini waliomfuata walikuwa na kitu cha kusahihisha, nacho kilikuwa katika lugha yao.

"Kwa hivyo huyu mzee alisema kuingiza," mchoraji alisema baada ya kusikiliza.

"Alisema kwa maneno ya mafundi, kaka. Aliwauliza wenyewe."

Usiku huo walianza fomu upya. Mchoraji alisema, dada akaandika Kiswahili kwanza, maneno ya kaka yake kama yalivyotoka: kuingiza, kukaza, kulegeza, kufufua rangi, kuua mwanga. Chini yake aliandika tafsiri ya Kiingereza, akijitahidi ifuate nyayo za ile ya kwanza. Walituma zote mbili pamoja na picha za mbao tano zilizokuwa zimegeuzwa ukutani.

Alikubaliwa. Mama yao alimfungia chapati za njiani ambazo hakuruhusiwa kuvuka nazo, na majirani walimsindikiza kwa maneno waliyodhani ni ya baraka: "Ukifika huko, usirudi."

Miezi mitatu ya ugenini haikumfunza mchoraji namna mpya ya kushika brashi. Aliporejea, hilo ndilo jambo la kwanza alilomwambia dadake, kwa mshangao kidogo. Alichokipata kilikuwa cha namna nyingine. Wenzake wa huko walimwuliza maswali ambayo hajawahi kuulizwa. Nani hufua nguo zile zilizoanikwa? Kwa nini mlango wa kila nyumba una rangi yake? Watu wale wanaongoja matatu alfajiri, wanawaza nini? Alitambua kwamba kwa miaka kumi na minne aliwachora wanamuziki wa Marekani na wachezaji wa kandanda wa Uingereza kwenye matatu, na hakuwahi kumchora mama anayeuza uji nje ya banda lake. Ilibidi aende Ujerumani ili amwone. Ndivyo ilivyokuwa kwa Dürer na milima: watu wa Alps walikuwa wakiitazama kila siku, lakini alihitajika mpita njia ili ichorwe kwa ajili yake yenyewe.

Kurejea kulikuwa na gharama yake. Swali lililomsubiri Jericho lilikuwa moja, na liliulizwa kinyozi, liliulizwa kanisani, liliulizwa hata na watoto: "Ulirudi kufanya nini?" Hakuna aliyemwuliza alijifunza nini. Mtu akirejea kwa hiari hudhaniwa amefukuzwa. Mteja mmoja wa matatu alimwambia kwamba msanii wa kimataifa hawezi tena kupunguza bei, akaenda kwa mwingine. Mwezi wa pili hapakuwa na kodi ya banda, na dada ndiye aliyeilipa kwa mkopo wake wa masomo. Anayesema kwamba kurejea ni kutamu hajawahi kurejea.

Hata hivyo, Jumamosi moja watoto wanne walimjia wakitaka kujua namna ya kuchora matatu inayokuja. Aliwapa vipande vya boksi na makaa. "Leo tunajifunza kuingiza," aliwaambia. Jumamosi iliyofuata walikuwa tisa. Watoto hawakuuliza alirudi kufanya nini. Waliuliza wakaze wapi na walegeze wapi.

Dada alianza kuandika daftari. Aliketi bandani akasikiliza, kisha akavuka kwa mafundi wa magari, kisha akaenda hadi Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hukunja bati na kufua chuma tangu asubuhi, kelele zao zikisikika kabla hawajaonekana. Alipita Shauri Moyo. Huko alisimuliwa habari za jiko la makaa lenye udongo ndani. Umbo lake lina asili ya jiko la ndoo la Thailand, na katika miaka ya 1980 mafundi wa Kenya, wakiwemo wa Shauri Moyo, walilibadili na kulieneza nchini. Lilisafiri kutoka Asia hadi Eastlands, na leo hakuna mtu anayeliona kuwa geni. Sababu moja ni kwamba linafaa. Sababu nyingine ni kwamba lilipofika lilipewa jina ambalo tayari lilikuwa nyumbani: jiko.

Kuna hofu, na ina msingi, kwamba maneno ya karakanani si sanifu, kwamba mengine ni ya Sheng, na kwamba neno moja lina maana mbili kwa mafundi wawili. Wanaisimu wana haki ya kuyachuja. Lakini chujio lisilomiminiwa kitu halichuji. Istilahi nyingi hutungwa mezani, zikachapwa katika orodha, zikafa humo bila kutamkwa na fundi hata mmoja. Ilhali neno kuingiza linatamkwa kila Jumamosi na watoto tisa wenye makaa viganjani, na picha zao zinaonyesha kwamba wamelielewa.

Mwishoni mwa muhula, dada aliliwasilisha daftari hilo kama sehemu ya tasnifu yake ya mwaka wa nne. Lilikuwa na maneno arobaini na moja. Mhadhiri wake alilisoma kwa makini, akasahihisha ngeli mahali pawili, akapigia mstari maneno matatu yenye kutia shaka. Kando ya neno kuingiza aliandika kwa wino mwekundu: "Chanzo?"

Dada alirudisha daftari wiki iliyofuata. Chini ya wino mwekundu alikuwa ameandika kwa hati yake ndogo: "Karakana ya mchoraji, Jericho. Mahojiano ya ana kwa ana."